Bakuli, integrali na kilima cha maharagi

Jumatano, tarehe 14 ya mwezi wa tano. Mvua ilianza kabla jua halijatoka, barabara yetu ikawa matope matupu.

Leo nimeanguka kazi ya mwisho ya hesabu, kwa hiyo mwaka huu sitafanya mtihani wa Serikali. Ninaandika na hasira, lakini nitajaribu kusema kweli.

Siye watu wazima tunaosoma jioni, kwa kazi hiyo mwalimu alituambia kila mtu apime ujazo wa chombo cha kwake. Unachora mstari wa ubavu wake, unauzungusha kwa mawazo mpaka unakuwa chombo kizima, kisha unakikata visahani vyembamba na kuvijumlisha. Hiyo ndiyo integrali. Nikachukua bakuli ninayopimia maharagi sokoni. Hesabu ikanipa litre moja na nusu na kidogo.

Ningeachia hapo. Lakini mimi na hesabu hatuaminiani. Nikajaza bakuli maharagi, nikamwaga katika mtungi wenye alama: karibu litre mbili! Nikasema, mjinga hapa ni mimi, si maharagi. Nikafuta yote, nikaandika mbili.

Leo mwalimu alijaza bakuli yangu maji, akayapima. Litre moja na nusu na kidogo.

"Mama, hii ingine ilitoka wapi?"

"Nilijaza na maharagi, Prof."

"Mpaka wapi?"

Nikaonyesha na mukono, juu ya mdomo wa bakuli. Darasa zima likacheka.

"Mama ametia kilima!"

"Mama, integrali haina matabishi, haina nyongeza ya bure!"

Sawa, wacheke. Lakini Bunia hii, nani anauza maharagi bila kilima? Mteja atakutukana mbele ya watu.

Prof aliona hesabu ya kwanza, ile niliyofuta, bado inasomeka. "Jibu lilikuwa sawa, mama. Lakini siwezi kukupa pointi kwa kitu weye mwenyewe umefuta."

Ni haki. Ningekuwa yeye, ningefanya vile vile. Na bado inaniuma. Sijui kama shida ni kichwa changu ao mazoea ya mukono.

Nyumbani nikamwambia bwana yangu. "Pole, mama. Utaanza tena mwaka kesho?" Nikamupakulia maharagi, nikasawazisha sahani yake na kijiko, sawasawa na mdomo.

Akaiangalia. "Na miye niko kwa mtihani? Kilima iko wapi?"

Nikamuongezea. Tulikula bugali na maharagi, na sombe kidogo ya majani ya muhogo iliyobaki jana.