Dua ya Kuzuia Theluji

Mwaka wa pili tangu tutoke Unguja, msafiri mmoja kutoka Kairo alituletea habari za kaka yangu, aliyekwenda kusoma Urusi kabla ya mapinduzi ya kwetu. Yu hai, ila amepelekwa kufanya kazi kaskazini kabisa, kwenye theluji isiyokwisha. Mama hakuuliza zaidi. Kwake yeye theluji ilikuwa kama masika: inamwagika usiku na mchana mpaka inafunika mapaa, na mwanawe yuko chini yake.

Basi kila baada ya alfajiri akawa anaisoma ile dua tuliyoisoma Unguja masika yakizidi, ya kumwomba Mungu aipeleke mvua pembeni. Aliisoma uani, kwa sauti, hapa Sidab, kando ya Maskati! Visima vilikuwa vimeshuka mpaka maji yana chumvi, na wanaume walishatoka kuswali swala ya kuomba mvua. Jirani yetu, naye mtu wa Unguja, alichungulia juu ya ukuta, macho yamemtoka.

"Dada, wallahi unatufungia mvua!"

"Si yenu. Nnaifunga ya kule kwa mwanangu."

Tulinuniwa kisimani kwa muda mrefu. Mama hakuacha.

Mwaka 1970 milango ya nchi hii ilifunguliwa kwa waliokuwa nje, na kaka akaja. Tulipomaliza kula, mama akamwuliza ile theluji ilimfika wapi, kiunoni au shingoni. Kaka akacheka.

"Mama, kule mbingu bakhili kama hapa. Mvua na theluji ya mwaka mzima, ukiiyeyusha, haiipiti sana mvua ya Maskati. Ila ikianguka haiondoki miezi na miezi, jua halina nguvu. Kiangazi hunyesha kimvua chembamba tu, na ardhi chini ni barafu, hainywi maji. Yanatuama, mbu wanajaa."

"Mbu? Juu ya barafu?"

"Kuliko Unguja."

Nilipigwa na butwaa. Niliitazama milima yetu mikavu nyuma ya nyumba, nikajaribu kuiona nchi kavu kama hii, nyeupe yote, imelowa na haina mvua. Nilisema subhanallah, nikasema tena.

Mama alikuwa ameushika mkono wa kushoto wa kaka, ule aliouficha mfukoni tangu afike. Vidole viwili havikuwapo.

"Na hivi?"

"Baridi, mama."

Akapapasa pale vilipokuwa, taratibu, kama anayeogopa kumuumiza.

"Baridi sikuiombea dua," akasema.