Kipande Chekundu cha Bulangeti ya Mama

Mama yangu alikuwa fundi wa kushona bulangeti kwa vipande vya vikwembe, vile vitenge vya kujifunga, na sheria yake siye watoto tuliijua kuliko sala. Kipande hakiingii kwenye cherehani kabla hakijalala ndani ya maji ya chumvi, kisuguliwe na kitambaa cheupe, kirudishwe majini mpaka rangi iache kutoka. Mutu akileta kikwembe kipya na haraka zake, alimufukuza.

Bulangeti yake mwenyewe aliishona hapa Bunia, baada ya siye kukimbia vita kutoka Bule. Katikati aliweka kikwembe chekundu, kipya, ambacho alimubebea mudogo wangu mugongoni. Mutoto yule alitufia njiani, hata mwaka mumoja hakumaliza. Mama alizoea kulala kile kipande kikiwa usoni, na hakukubali mutu aifue bulangeti ile. Aliianika tu kivulini. Mimi niliona ni ukaidi wa uzee. Ilinuka moshi, na pua yangu haina subira.

Mwaka jana alipoenda kwenye kilio Mahagi, nikaifua. Kwa maji ya baridi, tena kwa chumvi, sikuwa mujinga. Kumbe baseni nzima ikageuka nyekundu. Nikamwaga, nikaongeza chumvi, nikatia vinegre, ile siki ya duka, nikabadilisha maji mpaka mikono ikafa ganzi, huku namunung'unikia Mama: fundi gani huyu, anafukuza watu na kipande chake mwenyewe hakukiosha? Maji yalipotakata, vipande vyeupe vilikuwa vimekwisha kushika wekundu. Haya ilinijaa.

Aliporudi nilimupokea nikiomba pardon. Nikamueleza habari ya chumvi na vinegre, nikaahidi kutafuta vipande vingine vyeupe. Aliivuta bulangeti puani, akanusa katikati, akaigeuza, akanusa tena, polepole, namna mutu anapapasa ufunguo gizani.

"Rangi si kitu, mwanangu," akasema. "Kile sikukiosha kwa sababu harufu ya mutoto ilikuwa mule. Nilikuwa ninamunusa."

Nikaketi chini. Nilitaka anitukane, hata anipige, ningepumua. Yeye aliuliza tu kama tumekula.

Jioni akaileta bulangeti kwenye kitanda changu, imekunjwa vizuri.

"Sasa iko bulangeti tu," akasema. "Ujifunike weye."