Nilivyokwenda Ukweni na Wadudu Kofiani

Jamani, msianze kucheka kabla sijamaliza. Mpaka leo nikipita Sekei nainamisha uso, na yote ni kwa sababu ya kofia.

Enzi za Mwingereza nilikuwa nikimfanyia kazi mzungu mmoja mwenye wazimu wa wadudu (tulimwita Bwana Wadudu, yeye hajui). Alikuwa anamtaka mdudu mmoja mweusi, mwembamba, mbawa fupi kama kizibao, anayeishi juu msituni Meru chini ya majani yaliyooza, na ukimshusha juani anakufa, na bwana anamtaka mzima! Kwenye mkebe walikuwa wananifia njiani, basi siku ile nikajifanya mjanja, nikawafunika kwa majani yaliyolowa ndani ya kofia, nikaivaa, nikashuka kutoka msitu wa juu ya Momela napiga mluzi.

Sasa, baba yake Naomi, msichana niliyekuwa namposa, alikuwa ameniita siku hiyohiyo Sekei anipe jibu. Nikasema nipite huko kwanza, wadudu baadaye.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Vua kofia, kijana, tuombe."

(Walutheri wale, chakula hakiguswi bila sala.) Nikadanganya kwamba nina kidonda kichwani. Mama yake Naomi, kwa huruma, akasema, "Pole, baba, hebu nikione," akanivua mwenyewe.

Loo! Majani yaliyooza puu kwenye bakuli la loshoro, yale makande ya maziwa ya mgando, wadudu wakatawanyika mezani wameinua mikia juu, shangazi yake Naomi akapiga yowe "Nge! Nge!", mzee akaruka benchi, na mimi mpumbavu nimepiga magoti nawaokota huku nikisema, "Msiogope, hawaumi, hawa wanakaa msituni tu!"

"Basi rudi nao hukohuko msituni," mzee akasema. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu, na niliumia, nisiwafiche.

Baadaye Bwana Wadudu akichokonoa migombani Sekei akamkuta mmoja mzima kando ya mfereji, akashangilia kwamba kumbe mdudu wake anaishi mpaka huku chini, akachoma pini kwenye ramani yake. Mimi nikamshikia ramani, nikijua ni yule aliyenitoroka mezani kwa mzee.

Tangu hapo naingia kwa watu kichwa wazi, hata mvua inyeshe. Naomi aliolewa na fundi baiskeli wa Sakina, na tukikutana sokoni ananitazama kichwani kwanza, ndipo ananisalimia.