Fimbo Niliyoagiza Ngong

Mtu niliyemuumiza kuliko wote duniani ni mwanangu wa kwanza, na ndiye aliyekuja kunichukua Jumamosi ile pale Dagoretti Corner, akanifunga mkanda wa gari kama mgonjwa. Mke wangu alikuwa amefariki, na goti langu lilikuwa limekataa ngazi za ploti nilikopanga chumba hapo. Mwanangu alikuwa ameniandalia chumba nyuma ya nyumba yake kule Loresho, kando ya tangi la maji, ili nisivunje mwiko wa kwetu wa baba kulala chini ya paa moja na mkaza mwana. Kilichobaki ni mkewe kukubali. Alikuwa amesikia mengi kuhusu mkono wangu.

"Tunatembea Ngong tu, Baba. Njia ni rahisi, hata watoto huipanda," mwanangu alisema. "Mama mtoto anataka kukuona ukiwa na msichana wetu siku nzima."

"Kwa hivyo ni mtihani."

"Ndiyo. Ni mtihani."

Mkewe, aliyeketi mbele, hakugeuka. Mjukuu wangu wa miaka saba alikuwa kando yangu akichungulia kinywa changu.

"Babu, hii jino ingine ilienda wapi?"

"Niliimeza na sukuma wiki."

Kule juu, askari wa msitu aliyetusindikiza alieleza kwamba vilima vile ni mabaki ya mlima wa moto uliojilipua hadi ubavu mmoja ukaporomokea bondeni. Mawe yalikuwa meusi, yenye matundu na makali ya kukata soli. Upepo ulitupiga usoni bila kupumzika, na mitambo ya umeme wa upepo ilipasua hewa juu yetu kwa mlio wa panga.

"Huo mlima ulikuwa unapigana na nani?" msichana akamuuliza.

"Hakukuwa na mtu. Ulijipiga wenyewe," askari akasema, akacheka.

Kilima cha pili goti likaniuma sana. Nikamwambia mwanangu, bila kufikiri: "Nenda ukate fimbo."

Alisimama ghafla. Ana miaka arobaini na mbili. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia utoto wake wote tulipoishi Kawangware. Aliyekosa alijikatia fimbo mwenyewe uani, akaileta na kuuliza ni ngapi. Akileta nyembamba, nilimrudisha na kuongeza idadi. Sasa aliingia kwenye vichaka vya leleshwa, akarudi na fimbo nene, imepukutishwa majani, vifundo vimelainishwa. Aliikata jinsi nilivyomfundisha.

"Ni ya kutembelea tu," nikasema. "Ni hili goti."

"Najua."

Akiwa na miaka kumi na mmoja aliangusha redio. Nilimpiga hadi fimbo ikavunjika, nikaendelea kwa mkono, kisha kwa ile redio yenyewe. Sikio lake la kushoto lilitoka damu. Mama yake alinivuta shati likararuka, nikampiga na yeye. Hospitalini nikasema mtoto ameanguka. Sikio hilo halijasikia tena. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba sisi tulilelewa hivyo. Ni uongo. Baba yangu hakuwahi kunigusa.

Mwanangu na mkewe walibaki nyuma kidogo, wakizozana chini chini. Nilipofika kwenye kona, msichana alikuwa amepanda jiwe lililochomoza ukingoni, akirusha mawe bondeni na kusikiliza yakipasuka.

"Shuka."

"Kwanza hii moja."

"Shuka, nimesema."

Akanigeukia akicheka. "Utanishika na hiyo goti yako?"

Nilimshika mkono nikamshusha. Nataka jambo hili lieleweke: alikuwa ameshashuka, amesimama mbali na ukingo, mkono wake umo mkononi mwangu, ndipo nikampiga. Fimbo ilitua nyuma ya miguu yake, kisha ikatua tena. Mara ya pili ngozi ilipasuka. Hakulia. Alitazama damu ikiingia kwenye soksi, kisha akanitazama mimi.

Mwanangu alifika mbio. Alinipokonya fimbo akanipiga kikumbo, nikaanguka chali juu ya mawe na kisogo kikachanika. Akasimama juu yangu, fimbo imeinuliwa.

"Ni ngapi, Baba? Sema ni ngapi."

Nilifunga macho. Nilitaka anipige. Fimbo ilitua kwenye jiwe karibu na sikio langu, tena na tena, vibanzi vikinirukia usoni. Fimbo ilipokatika yote aliendelea kulipiga lile jiwe kwa ngumi, mpaka askari akamkumbatia kiunoni na kumvuta. Vidole vyake vilikuwa vimechunika hadi nyama.

Mkewe alikuwa amembeba mtoto. "Mzee," akaniambia, yeye ambaye siku zote huniita Baba, "hata saa moja hatujamaliza."

Tuliteremka hadi kwenye gari. Kwenye Barabara ya Ngong tulipita Dagoretti Corner bila kusimama, nikadhani twaenda Loresho. Lakini mwanangu aliegesha Adams Arcade, akashuka kutafuta dawa dukani, mkono umefungwa kwa shati. Mkewe, mtoto akiwa mapajani, akanitazama kwenye kioo.

"Nilikuwa nyuma, sikuona. Alikuwa ukingoni ulipompiga?"

Nilikuwa na jibu tayari tangu kule juu. Ningesema ndiyo, niliogopa ataanguka, na nadhani angetaka kuniamini, kwa ajili ya mumewe.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa nimeshamshusha. Nilimpiga kwa sababu alinicheka."

"Si nilikuambia, Mami," mtoto akasema.

Mama yake akaitikia kwa kichwa. "Asante kwa kusema," akanijibu kwa heshima.

Mwanangu aliporudi na pamba, walinong'onezana maneno machache. Kisha akawasha gari, akaligeuza kurudi Dagoretti Corner.