Suti ya Mwalimu Kwenye Wimbo wa Nne

Jirani yangu fundi cherehani, ambaye mtaa mzima unamwita Pindo, alitoa albamu yake ya kwanza akiwa na miaka arobaini na saba. Alianza kurapu tukiwa darasani, akipiga dawati kwa vidole, na hakuacha alipooa, wala alipofungua duka, wala alipoota mvi. Mistari yake aliiandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia, na mkewe akaifuta kabla mteja hajaisoma. Mimi natengeneza saa chumba cha pili. Ukuta wetu ni mmoja, kwa hiyo mengi niliyasikia mwenyewe, na yaliyobaki alinisimulia.

Studio yao ilikuwa stoo ya nyuma, zinakotundikwa nguo zilizokamilika. Rafiki yake mwenye mitambo ya kurekodia, anayeitwa Waya, aliingia humo akapiga kofi moja, akasikiliza. Makoti, magauni na sare za shule zilikuwa zimefunika kuta tatu. Kofi lilizimika papo hapo, bila mwangwi.

"Humu humu," Waya akasema. "Wenzako wanapanga magodoro wapate chumba kama hiki. Usiondoe hata shati."

Pindo hakuondoa hata shati, na kosa lilianzia hapo. Kila mteja aliyefuata nguo yake aliambiwa aje kesho. Hakuna aliyeshangaa, maana fundi cherehani asiyesema njoo kesho bado hajazaliwa.

Aliyekuja mara nyingi zaidi ni Mwalimu, anayekaa ng'ambo ya barabara, aliyetufundisha hesabu mimi na Pindo. Alikuwa anastaafu, na suti ya kijivu aliitaka kwa ajili ya sherehe ya kuagwa shuleni.

"Fundi, Ijumaa naagwa."

"Bado vifungo tu, Mwalimu. Njoo kesho."

"Hiyo kesho yako ina siku ngapi?"

"Moja tu, Mwalimu wangu."

Suti ilikuwa tayari tangu Jumatatu. Ilining'inia nyuma ya kipaza sauti, upande wa kushoto, na wiki hiyo walikuwa wanarekodi wimbo wa nne na wa tano. Ijumaa Mwalimu alikwenda kuagwa na koti lake la zamani.

Kesho yake Pindo alitoka kwenda kununua nyuzi. Mkewe akaingia stoo kutafuta zipu, akakuta nguo za watu zimekamilika na zimepigwa pasi. Kufikia saa nane mchana alikuwa amezigawa zote, suti ya Mwalimu ikiwa ya kwanza. Mumewe aliporudi alikuta kuta tupu.

"Umeniulia studio!"

"Na wewe umeniulia duka. Watu wananinunia njiani, mimi nadhani ni uso wangu."

Waya alikuwa na kazi nyingine mwezi uliofuata, hawakuweza kungoja stoo ijae tena. Nyimbo tano za mwisho zilirekodiwa hivyo hivyo, sauti ikigonga ukuta na kurudi.

Albamu iliitwa *Vipimo*. Miezi miwili ya mwanzo ziliuzwa sidii thelathini na moja, karibu zote kwa ndugu. Shemeji mmoja alinunua tatu ili asiulizwe kama amesikiliza. Kisha mhakiki wa gazeti la Jumapili akaandika safu nzima. Alisema nusu ya kwanza inasikika kama mtu anayenong'ona kifuani mwako, na kuanzia wimbo wa sita kuta zinarudi nyuma, mtu anaachwa peke yake. Akauita uamuzi wa kijasiri. Katika wiki moja sidii zote zilizobaki zikaisha, na redio ikawa inapiga wimbo wa saba, ule wa fundi anayempima mtu kiuno kila mwaka na kujua kwamba anaumwa kabla mwenyewe hajajua.

Redio ikamwita kwa mahojiano ya saa kumi alasiri. Waya alikuja dukani kumpa maneno.

"Watakuuliza mwangwi ule umetoka wapi. Sema ni ubunifu. Nani atajua?"

"Nguo zilizokuwa humo zina wenyewe," Pindo akajibu.

"Ukiwaambia ukweli, nani atakuletea kitambaa tena?"

Mkewe ndiye aliyemjibu, sindano mdomoni: "Njia ya mwongo fupi, shemeji. Na ya kwetu inaishia kwa Mwalimu, hapo ng'ambo."

Mwalimu husikiliza redio barazani. Siku hiyo aliifungulia sauti, nami nikaacha saa niliyokuwa nayo nikasimama mlangoni. Mtangazaji aliuliza kama alivyotabiri Waya. Sauti ya Pindo ikasema, "Si ubunifu. Nilizuia nguo za wateja ili zizibe mwangwi. Nikawaambia bado. Zilipoondoka, mwangwi ukarudi. Kuna mzee aliagwa kazini bila suti yake kwa sababu yangu; ilikuwa kwenye wimbo wa nne."

Mwalimu akazima redio, akaingia ndani.

Wiki zilizofuata wateja walimcheka zaidi ya kumkasirikia. Mama mmoja aliuliza gauni lake limeimba wimbo wa ngapi, na kama linastahili kuandikwa kwenye jalada. Mhakiki naye aliandika mistari mitatu: kwamba hafuti neno, kwani kuta zilirudi nyuma kweli. Lakini siku ile ya mahojiano, Pindo aliporudi hakuwa na habari ya hayo. Alimkuta Mwalimu ameketi kwenye benchi la wateja, amevaa suti ya kijivu, na mfuko wa karatasi magotini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Niwekee huo wa nne."

Pindo akauweka. Unahusu sare ya mtoto inayoshushwa pindo kila mwaka mpaka kitambaa kinakwisha. Mwalimu aliusikiliza hadi mwisho bila kutikisa kichwa.

"Hapo nilikuwa wapi?"

"Nyuma yangu, Mwalimu. Kushoto."

"Mimi siku yangu nilikaa mstari wa nyuma, mikono chini ya meza, viwiko visionekane."

Pindo aliinamisha macho. "Nisamehe, Mwalimu."

Mwalimu akatoa koti la zamani kwenye mfuko na kulilaza juu ya meza, viwiko juu. Vilikuwa vimechanika vyote viwili.

"Tia viraka."

Pindo akafungua mdomo.

"Usiseme hilo neno," Mwalimu akasema. "Nimekaa. Nangoja hapa hapa."

Kupitia ukutani nikasikia cherehani ikianza.