Babu na Hesabu ya Kutoa Robo

Geji ya mafuta kwenye pikapu ya Babu ilikuwa kama mgonjwa mwenye adabu. Ukimuuliza hali anakujibu "nzuri tu" huku anatetemeka na homa. Tangi limejaa, nzuri tu. Limefika nusu, nzuri tu. Limebaki harufu, bado mshale umeegemea juu huko kama mtu aliyeshiba pilau. Jirani yake, geji ya joto, alikuwa mbea. Asubuhi ya baridi, hatujamaliza hata nyumba za mtaa wa Ipuli, yeye ameshaanza kupiga yowe kwamba moto, moto, tunaungua.

Hakuna aliyeshtuka. Kwetu Chemchem tulikuwa na sheria moja ya kuzisoma hizo geji, nayo ni hii: toa robo. Mafuta yakisema robo tatu, toa robo, tuna nusu. Joto likigusa mstari mwekundu, toa robo, injini iko salama. Ukiwasha taa mishale inaruka, basi hapo unatoa robo na chumvi kidogo. Mimi nilijua kutoa robo kabla sijafundishwa sehemu shuleni. Mwalimu alipochora duara ubaoni na kulikata vipande, darasa zima liliona chapati. Mimi niliona dashibodi.

Na ilikuwa dashibodi nzuri, nisiseme uongo. Pikapu yenyewe ilikuwa imemzidi baba yangu umri, rangi imechujuka mpaka hujui ilizaliwa kijani au bluu, lakini zile geji! Duara nyeusi, herufi nyeupe, pete za kung'aa pembeni. Babu alizifuta kwa kitambaa chake cha miwani. Miwani yenyewe aliifutia shati.

Babu hakuwa na gari la kutembelea watu. Alikuwa na mizinga ya nyuki kule porini upande wa Sikonge, na bila pikapu hakuna kufika kwenye mizinga. Basi la abiria lingemshusha kwenye lami, halafu angetembea msituni na ndoo za asali kichwani, kwa magoti yale yanayolia kama bawaba. Hakuwa na habari na televisheni wala bao. Alikuwa na nyuki. Ukimuuliza habari za nyumbani atakuambia habari za malkia fulani aliyehama mzinga.

Sasa shida ilianza siku Shangazi alipoomba lifti.

Shangazi ni dada yake baba, mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya kanisani. Sauti yake ikipanda hata mbuzi wanasimama wima. Alikuwa anakwenda Sikonge kwenye sherehe, amevaa gauni la kitenge jipya na viatu vya kuchuchumia. Geji ilisema robo tatu. Babu akatoa robo, akaona nusu, akaondoka anaimba. Nusu yenyewe haikuwepo. Gari lilizima katikati ya miombo, hakuna kijiji mbele wala nyuma, na Shangazi alirudi nyumbani usiku amevaa viatu mkononi.

Kesho yake kikao.

"Baba," Shangazi akasema, "umri umefika. Huoni vizuri. Husomi geji."

"Naisoma," Babu akasema. "Yenyewe ndiyo haisomeki."

"Ufunguo nitakaa nao mimi. Mwisho wa mwezi tunamtafuta mtu alinunue gari."

Babu aliutoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani, akaenda kukaa uani akitazama ukuta. Mimi ndiye ninayepeleka chai pale uani. Babu huniita Bibi, kwa sababu nimerithi jina la marehemu mke wake, na kwa haki hiyo huwa namtania ninavyotaka.

"Mume wangu, umenyang'anywa gari kama mtoto kanyang'anywa simu."

Kwa kawaida angenirushia kandambili. Safari hii alisema tu, "Mwezi ujao ni wakati wa kurina asali, Bibi. Nani atakwenda?"

Dah.

Nilikuwa kidato cha tatu, na kwenye fizikia tulikuwa tumefika kwenye umeme. Nilikuwa nasoma umeme kama wengine wanavyosoma matangazo ya misiba: unapitisha macho kuona kama kuna mtu unayemjua. Usiku ule nikawaza: geji mbili, zinakosea kwa pamoja, zinakosea upande mmoja, zote zinazidisha. Mafuta yanazidi, joto linazidi. Wawili hawawezi kuongopa kwa kulingana hivyo bila mtu wa tatu anayewafundisha.

Asubuhi nililala chali chini ya dashibodi, tochi ya simu mdomoni, buibui wananikaribisha. Nyuma ya geji nikaona kiboksi cha bati, kidogo kama kiberiti, waya mbili zinatoka kwenda kwenye hizo geji mbili na si kwingine. Nilikipiga picha, nikapiga mbio hadi kwa fundi umeme wa magari, yule mwenye kibanda karibu na soko, nikamwonyesha picha.

"Shikamoo fundi. Hiki ni nini?"

"Marahaba. Hicho ni kidhibiti. Umeme wa betri unapanda na kushuka, hicho kinaukata ubaki sawasawa kabla haujafika kwenye geji. Kikifa, umeme unapita mzima mzima."

"Kwa hiyo geji zinapewa umeme mwingi..."

"...zinasoma juu. Ndiyo." Akacheka. "Lakini achana nacho. Ng'oa dashibodi yote, nikufungie geji za namba, zinawaka bluu, zinawaka nyekundu, kama disko."

"Babu yangu ana nyuki, fundi. Hana disko."

Nilitaka kucheza pale pale kibandani. Geji hazikuwa na kosa! Zilikuwa zinasema ukweli wa umeme mbaya. Babu naye hakuwa na kosa, alikuwa anasoma vizuri kitu kilicholishwa vibaya. Nilirudi nyumbani nakimbia, sare ya shule inapepea, nikamkuta uani na ukuta wake.

"Mume wangu, amka. Tunafungua gari."

"Ufunguo hatuna."

"Kufungua skrubu hakuhitaji ufunguo huo."

Shangazi alitukuta tumeng'oa geji, akashika kiuno. Nikamweleza yote kwa pumzi moja, na mikono ikisaidia. Akatusikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi anayedai daftari limeliwa na ng'ombe. Mwisho akasema, "Haya. Tengenezeni. Halafu tutakwenda Sikonge wote watatu, mimi na ufunguo wangu. Gari likizima tena njiani kwa sababu yoyote ile, linauzwa, na sitaki kusikia mtu analia."

Siku zile zilikuwa tamu kuliko likizo. Fundi aliniuzia kidude cha miguu mitatu alichokitoa kwenye redio mbovu, chenye kazi ile ile ya kukata umeme ubaki sawa. Tulikifungua kiboksi cha zamani, tukatoa utumbo wake uliooza, tukakilehemu kidude kipya ndani na kufunga bati kama lilivyokuwa. Ukitazama kwa nje hakuna kilichobadilika, na ndivyo Babu alivyotaka. Kisha tukaukuta waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, umekaa juu ya kutu kama kuku anaatamia. Babu akaikwangua kutu kwa msasa mpaka bati likacheka. Ndiyo maana mishale ilikuwa inaruka taa zikiwashwa.

Shangazi akaja na ufunguo wake kutuwashia swichi, tukayatoa mafuta yote tangini, tukarudisha dumu baada ya dumu, mimi namimina, Babu amekaa ndani anatangaza kama mpira wa redioni: "Umenyanyuka! Robo! Unakwenda, unakwendaaa... nusu!" Na kweli dumu tulizomimina zilikuwa za nusu tangi. Tulipiga kelele mpaka jirani akachungulia ukutani kuuliza nani kaoa.

Iliyobaki ni geji ya joto. Tukachomoa sensa, kile kichwa kinachopima joto, kwenye injini, tukaiunga kwa waya mrefu, tukaitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa. Shangazi akatoka jikoni.

"Hiyo ni sufuria yangu ya wali?"

"Tunapika supu ya gari, Shangazi. Karibu."

Babu hakusikia. Alikuwa ameinamia kioo cha geji, pua inakaribia kukigusa. Maji yakaanza kutoa mvuke, mshale ukapanda taratibu, ukavuka katikati. Maji yalipotokota ukasimama, ncha yake ikiwa imegusa tu ukingo wa nyekundu. Tukaitoa sensa, ukashuka. Tukairudisha, ukapanda na kusimama pale pale. Babu alifanya mchezo ule hadi mkaa ukaisha.

Jumamosi tukaondoka. Mimi katikati, Babu kwenye usukani, Shangazi dirishani na viatu vya kutembelea, safari hii kajifunza. Mshale wa mafuta ulikuwa unashuka kwa heshima zake, kidogo kidogo, kama mshale wa gari la watu. Babu alichangamka mpaka akaanza historia, kwamba barabara hii ni ya wapagazi, wazee wetu walitembea kutoka huku hadi pwani na mzigo kichwani, na nani kati yao alikuwa na geji?

"Wao walikuwa wanasema wenyewe wakichoka, Babu. Hili gari mdomo wake ndio huo hapo."

Shangazi akaguna, lakini nilimwona ameficha kicheko kwenye kanga.

Tuliacha lami, tukaingia njia ya mchanga ya porini. Gari likawa linavuta kwa nguvu, na ndipo nikaona mshale wa joto unaondoka katikati. Ukaendelea. Ukapita robo tatu.

"Babu, joto."

Akautupia jicho, akagonga kioo kwa kucha. "Toa robo," akasema, na kukanyaga mafuta.

Mkono wake ulikuwa umetengeneza geji, kichwa chake kilikuwa bado kinatumia hesabu ya zamani!

"Babu, siku hizi hakuna kutoa! Tumeitengeneza! Inasema kweli!"

"Ile?" Shangazi akaingilia. "Tangu niko msichana ile inalia moto. Endesha, Baba, usisimame kwenye mchanga. Tukisimama hapa hatutoki."

Hapo nikaona mtego wote. Tukisimama, na injini ikawa haina tatizo, Shangazi atasema gari limezima njiani na linauzwa. Tukiendelea, na mshale ukawa unasema kweli, injini itapasuka na hata wa kulinunua hatapatikana. Nilikuwa na geji moja na mdomo mmoja.

"Mume wangu," nikasema, na safari hii sikuwa natania, "umeangalia ulipofika?"

Babu akaangalia tena. Ncha ya mshale ilikuwa imegusa tu ukingo wa nyekundu.

"Hapo ndipo maji yalipotokota," akasema polepole.

"Hapo hapo."

"Kwenye sufuria."

"Ya wali," nikasema.

Akazima gari.

Shangazi alikuwa ameshafungua mdomo, na nadhani ule wimbo ungekuwa mrefu, lakini kabla haujaanza tukasikia mbele yetu sauti: ssss. Nikaruka nje na kufungua boneti. Bomba la mpira la juu, lile linalopeleka maji kwenye rejeta, lilikuwa limepasuka karibu na kifungio, maji yanachuruzika juu ya chuma na kugeuka mvuke.

"Usiguse kifuniko!" Babu akapiga kelele. "Acha lipoe!"

Tukakaa mchangani kusubiri. Chuma kilipopoa, Babu akakata kile kipande kilichopasuka kwa kisu cha kurinia, akavuta bomba lililobaki mpaka likafika, akalikaza. Mimi nikajaza maji ya dumu tuliyobeba kwa ajili ya nyuki. Shangazi alisimama kando muda wote, mikono kifuani, anatazama baba yake alivyoinama ndani ya injini na mikono isiyotetemeka.

Babu akapanda, akawasha. Injini ikaitika mara moja. Nilitaka kupiga vigelegele, ila niliogopa kuwashtua nyuki.

"Baba," Shangazi akasema akifunga mlango. "Kama tungeendelea?"

"Ingekufa."

"Na mimi ndiye niliyesema endelea."

"Na mimi ndiye niliyekanyaga," Babu akamjibu. "Tumezoea uongo, mwanangu."

Shangazi akaitazama ile dashibodi, kisha akaangalia ufunguo uliokuwa unaning'inia kwenye swichi. Alinyoosha mkono, akafungua kile kibendera cha kanga alichokifunga kwenye pete ya ufunguo ili tusisahau gari ni la nani, akakitia kwenye pochi.

"Utakaa nao wewe," akasema. "Lakini huyu mjinga akiwa shuleni huendi porini peke yako. Utaniambia mimi nikusindikize."

"Wewe? Porini? Na nyuki?"

"Endesha, Baba."

Babu akaendesha. Mchanga ukaachia magurudumu, miti ikaanza kurudi nyuma, harufu ya nta ikaingia dirishani. Mshale ulishuka, ukatulia katikati. Nilimwona Babu anauangalia, midomo inacheza, anahesabu kitu kimoyomoyo.

"Babu!"

"Sijatoa!" akasema. "Nilikuwa nasali."

Shangazi akacheka kwa sauti yote ya kwaya, pori zima likasikia, na mizinga ya kwanza ilikuwa imeshaonekana mbele yetu juu ya miti.