Nilivyokamua Ng'ombe wa Watu Magulioni

Mwaka ule tulikula ugali wa unga wa njano, ule ulioletwa na meli kutoka ng'ambo, na watoto waliukataa mpaka njaa ikawafundisha adabu. Aliyeukula anajua naongea mwaka gani. Asiyeukula amuulize mama yake. Mvua ilikuwa imetuacha, ndizi zimetoka nyembamba kama vidole vya mgonjwa, na kila mtu mwenye ng'ombe wawili alimpeleka mmoja gulioni. Hivyo ndivyo mimi na mume wangu, Baba Moraa, tulivyofika Masimba na ng'ombe wetu mweusi, na hivyo ndivyo nilivyopata kazi ambayo sikuiomba.

Mnunuzi alitaka kuona maziwa kwanza. Kulikuwa na mwanamume wa kukamua pale, amelipwa na soko, lakini ng'ombe wetu alimpiga teke la kwanza, akampiga la pili, kisha akafunga maziwa. Kufunga maziwa ni pale ng'ombe anapokunyima. Kiwele kimejaa na wewe unavuta hewa. Wanaume wakacheka. Nikamwondoa yule bwana kwenye kigoda, nikapiga magoti kwenye matope, nikampapasa ng'ombe kiwele kwa maji ya uvuguvugu huku nikimwimbia kama nyumbani. Maziwa yakaja kwa kelele ndani ya sufuria.

Karani wa mnada alikuwa amesimama akitazama. Alikuwa mrefu, anavaa koti la jeshi hata jua likiwaka, na hakuna aliyejua alilipata wapi. Akaniambia, "Mama, hao wanaume wangu wanakamua kama watu wanaokamua nguo. Gulio lijalo uje na kigoda chako."

Baba Moraa alidhani ni mzaha. Kwetu ng'ombe ni wa mwanamume: ndiye anayemhesabu, ndiye anayemtoa mahari. Mwanamke kusimama gulioni katikati ya wanaume wenye fimbo halikuwa jambo la kawaida. Wengine waliniita dume. Nikawaambia dume hawezi kujua kiwele, na ndiyo maana wananihitaji mimi.

Sasa niwaeleze nyinyi mnaonunua maziwa ya pakiti kazi yenyewe ilikuwa nini. Mkamuaji wa gulio ni shahidi. Muuzaji atasema ng'ombe wake anatoa chupa kumi kwa siku. Chupa ni zile za soda ya zamani, kubwa, kila nyumba ilikuwa nazo. Mnunuzi hawezi kumwamini, naye muuzaji hawezi kukubali mnunuzi amshike mnyama wake ovyo. Basi ninakaa mimi katikati. Ninakamua mbele ya watu, ninapima, kisha ninasema kwa sauti. Nikishasema, bei inatembea kuelekea nilikosema.

Mambo ya kutazama ni mengi. Meno yanakwambia umri: meno mawili bado ni mtamba, mdomo ukijaa amekomaa, yakilika anaelekea kwa mchinjaji. Chini ya tumbo kuna mshipa wa maziwa. Ukiwa mnene na umejipinda kama mzizi, huyo ana kitu. Lakini macho yanadanganywa. Muuzaji mjanja haachi ng'ombe akamuliwe tangu jana, kiwele kinavimba mpaka mnyama anatembea miguu imepanuka, na mgeni anasema hii ni mali. Halafu kuna chuchu kipofu. Ukiitazama ni nzima kama nyingine, ukiivuta haitoi kitu, ugonjwa ulishaiua ndani. Macho hayaioni. Mkono peke yake ndio unaoijua.

Na kuna jambo la kamba. Kwetu ng'ombe anauzwa, kamba haiuzwi. Mkishakubaliana, muuzaji anavua kamba yake shingoni mwa mnyama na kurudi nayo nyumbani ili baraka ya zizi isiondoke, na mnunuzi anamfunga kwa kamba yake mwenyewe. Kamba ya kwanza ikishatoka, maneno yameisha. Hakuna kurudi kesho kusema umeonewa. Karani wa koti la jeshi alikuwa akinikumbusha kila gulio, "Mama Moraa, lolote ulilo nalo liseme kabla ya kamba." Nilikaa naye Masimba miaka mingi na hakunisahihisha hata mara moja.

Baadaye nikapelekwa Ekerenyo, ambako gulio lilikuwa limekua na watu wanagombana. Huko mkubwa wangu alikuwa Bwana Mifugo, afisa mwenye kalamu tatu mfukoni na haraka ya kudumu. Alipenda kazi iishe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu. Mimi nilikuwa mtu wa sufuria. Tulielewana hivyo hivyo mpaka siku ile.

Siku ile gulio lilisogezwa hadi Ijumaa kwa sababu siku yake ya kawaida watu waliitwa kwenye chanjo ya mifugo. Mimi ni Msabato tangu kuzaliwa. Jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia, na mkono wangu haufanyi kazi ya soko. Kila mtu pale alijua, na wengi walikuwa Wasabato wenzangu. Jua lilikuwa limebaki upana wa kiganja juu ya kilima pale mtu nisiyemjua alipofika na ng'ombe wa kahawia, kiwele kimejaa, anang'aa. Mnunuzi alikuwa Bochaberi, mjane anayechuma majani chai, ninayemfahamu. Binti yake alikuwa amejifungua mapacha na maziwa yake yamekauka. Alitaka ng'ombe wa kuwanywesha wajukuu, siku hiyo hiyo.

Nikatazama jua. Nikatazama kiwele. Kumwosha, kumtuliza na kumkamua mpaka tone la mwisho kungenifikisha gizani. Bwana Mifugo akasema, "Wewe una miaka mingi, Mama. Si unaona tu?"

Nikaona tu. Nikasema chupa kumi na mbili.

Bochaberi hakuuliza mara mbili. Kwa nini aulize? Nilikuwa nimesema mimi. Muuzaji akavua kamba yake, akaiviringisha mkononi, akaondoka, nami nikakimbilia nyumbani kuoga na kufungua Sabato na watoto wangu. Niliimba kanisani siku iliyofuata kwa sauti nzuri kabisa.

Jumapili asubuhi Bochaberi alisimama mlangoni kwangu. Hakupiga kelele. Alikuwa amebeba chupa moja, haijajaa, akaiweka mezani. "Mama Moraa," akasema, "hii ndiyo kumi na mbili yako."

Nikaenda naye kwake. Nikapiga magoti nilivyopaswa kupiga Ijumaa. Chuchu mbili zilikuwa kipofu, ya tatu inatoa majimaji yenye mabonge, ya nne ndiyo iliyojaza ile chupa. Ndani ya nyumba mapacha walikuwa wanalia kile kilio cha chini, cha mtoto aliyechoka kulia. Niliwasikia muda wote mkono wangu ukiwa kwenye kiwele kile.

Watu wananiambia hata leo kwamba yule mwenye ng'ombe ndiye mwizi. Kweli. Lakini Bochaberi hakumwamini yeye. Alinisikiliza mimi.

Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu yote. Tulikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa wakati huo, mwekundu, amezaa juzi. Baba Moraa alikuwa mtu wa maneno machache. Akaniuliza kama nilimkamua yule wa kahawia. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nilizitaja chupa zake. Nikasema ndiyo. Akamalizia uji wake. Kisha akainuka, akaenda zizini mwenyewe, akamtoa yule mwekundu na ndama wake. Tukatembea sisi wawili mpaka kwa Bochaberi. Alipomkabidhi, alivua kamba yetu akarudi nayo mkononi, na njia nzima hakunilaumu hata kwa neno moja. Ingekuwa afadhali angenilaumu. Mwaka ule watoto wangu walikunywa chai ya rangi, nao wakaniuliza kwa nini, nami nikawaambia kwa nini.

Gulio lililofuata nilitaka kusema mbele ya watu. Bwana Mifugo alinivuta kando na kuniambia kwamba jambo limekwisha, mjane ameridhika, na nikilitangaza nitaitia ofisi aibu. Nikamjibu kwamba ofisi haina mikono. Nikapanda juu ya jiwe pale penye kupandishia ng'ombe kwenye lori, nikasema Ijumaa ile nilitaja maziwa ambayo sikuyakamua, na mtu yeyote anayeona sifai aseme sasa.

Mzee mmoja mfanyabiashara akapaza sauti kutoka nyuma, "Mama, shuka huko ukamue. Ng'ombe wangu anavuja."

Watu wakacheka, nami nikashuka. Tangu siku hiyo Ekerenyo haikunitaka tena nitaje maziwa ambayo sijayakamua. Siku ikiwa Ijumaa na jua limeteremka nilisema tu, "Huyu sijui," na mnunuzi akachagua mwenyewe kungoja au kubahatisha. Wengi walingoja. Bwana Mifugo alinuna kidogo, halafu akazoea. Alipohamishwa aliniachia kalamu moja kati ya zile tatu, na hiyo kwake haikuwa kitu kidogo.

Nilimalizia Kenyenya, chini ya Daktari wa Mifugo aliyekuwa msichana ambaye ningeweza kumzaa. Alinifundisha kukamua michirizi ya kwanza juu ya kitambaa cheusi ili mabonge ya ugonjwa yaonekane mapema, nami nikamfundisha kwamba ng'ombe akiwa mgeni sokoni umwimbie kwanza kabla ya kumdunga sindano. Alidhani ni ushirikina mpaka alipopigwa teke. Mimi na darasa langu la nne, yeye na chuo chake, tulifanya kazi vizuri kuliko wanaume wote niliowahi kuwa chini yao, na hilo naliandika bila kuogopa.

Nilistaafu vidole vilipoanza kukakamaa. Mkamuaji mwenye vidole vigumu anamwumiza mnyama, na mnyama anayeumia anadanganya. Sasa nakaa nyumbani na majani chai yangu na migomba yangu. Magulio yapo bado, lakini siku hizi ng'ombe anauzwa kwa simu. Picha inapigwa upande wenye jua, na mtu aliyekaa Nairobi anatuma malipo kabla hajasikia hata harufu yake. Sisemi ni vibaya. Picha ni macho tu.

Mjukuu wangu Kemunto ndiye anayefanya biashara hiyo, na ninajivunia mtoto yule mpaka majirani wamechoka kunisikiliza. Ana miaka ishirini na nne, anaongea na wanunuzi wa mbali, anajua chanjo zote, na hamwogopi mwanamume yeyote. Juzi alikuja mbio na simu mkononi. Kulikuwa na ng'ombe huko ng'ambo ya Kenyenya, na mnunuzi wa Nairobi anataka kumchukua kabla ya saa sita, na ng'ombe wengine watano baada ya huyo iwapo atampenda. Lakini mnunuzi alikuwa amesikia habari za bibi yake, mkamuaji wa zamani. Anataka kusikia sauti yangu ikisema maziwa.

Akanionyesha picha. Ng'ombe mzuri. Kiwele kizuri, mshipa mnene, miguu imepanuka kidogo.

"Magokoro, useme tu chupa ishirini," akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwetu. "Mwenyewe ameniapia."

Nikamwambia anipeleke kwa boda boda nikamkamue, hata kwa vidole hivi. Akasema ni mbali, saa sita itapita.

"Basi, Kemunto," nikamwambia, "mkono wangu haujamshika, mdomo wangu hautamsema."

Macho yake yakajaa machozi. Akaniambia kwamba huyu ndiye mnunuzi mkubwa wa kwanza kumpata, kwamba akimkosa atarudi kuanza chini, na kwamba ni neno moja tu, neno moja la bibi kwa mjukuu wake. Nilimhurumia. Ningempa shamba langu la chai kama angeliomba. Akabonyeza simu ianze kurekodi, akainyoosha mpaka karibu na midomo yangu, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama akiwa mdogo anapotaka nimwongezee uji.

Nikaisogelea simu ili bwana yule wa Nairobi asikie vizuri.

"Mkono wangu haujamshika, mdomo wangu hautamsema."